Nyota moja kwa friji lisilo na kosa

Pitia maoni ya wanunuzi wa vyombo vya umeme mtandaoni, utakuta malalamiko yaleyale chini ya kila chapa, ya bei chee na ya bei kali. Kosa linaloonekana kwenye kila chapa mara nyingi si kosa. Chombo kinafanya kazi yake, ila aliyekinunua hakuelezwa ni kazi gani.

"Sufuria ya wali ya umeme inajizima wali haujaiva."

Sufuria hii haijui wali, inajua maji. Angalia katikati ya sahani yake ya moto: kuna kitufe kinachobonyea, kimekalia springi. Ndani yake mna sumaku na kipande cha feraiti, kitu kama kauri kinachonaswa na sumaku. Maji yakiwa bado yamo, tako la sufuria halizidi sana nyuzi 100, kwa kuwa moto wote unaishia kugeuza maji kuwa mvuke. Yakikauka joto linapanda ghafla, na likikaribia nyuzi 103 feraiti inapoteza usumaku, springi inasukuma, swichi inaruka na kuhamia kwenye kuweka chakula moto. Wali ukiwa mbichi wakati huo, maji yalikuwa machache. Basi.

Mchawi mara nyingi ni kikombe. Kile kinachokuja na sufuria ni cha mililita 180, na mistari ya ndani imechorwa kwa kukifuata hicho. Kikipotea, mtu anapima mchele kwa kikombe cha chai cha mililita 250, vikombe 3, halafu anajaza maji mpaka mstari wa 3. Hapo ana mililita 750 za mchele ndani ya maji ya mililita 540 za mchele. Mbeya au Nairobi, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, ongeza tena kidogo, kwa sababu punje huchelewa kuiva huku mvuke unaendelea kutoka.

Wapishi wa pilau ndio wanaoongoza kwa hasira. Wanakaangia vitunguu humo humo, na mafuta hayana dari ya nyuzi 100, kwa hiyo swichi inaruka vitunguu havijabadilika hata rangi. Wengine wanaishikilia kwa kijiko au kuifunga kwa mpira. Usithubutu: hiyo swichi ndiyo kinga kati ya chakula na moto usiokoma. Kaangia vitunguu na viungo jikoni kwenye sufuria ya kawaida, kisha hamishia vyote humu pamoja na supu. Na kabla ya kuitumbukiza sufuria, futa tako lake. Punje moja ya mchele ikibaki chini, sufuria inakaa upande, wali unaungua huku na kubaki mbichi kule.

"Friji jipya linaungua pembeni."

Friji halitengenezi baridi, linahamisha joto. Joto la maziwa, la nyama na la hewa uliyoingiza ulipofungua mlango lazima litokee mahali. Mafriji ya zamani yalilitolea kwenye wavu mweusi mgongoni. Mengi ya sasa yamefichwa mabomba hayo ndani ya kuta za pembeni, ndiyo maana ukigusa unahisi moto, hasa siku za kwanza au baada ya kujaza vitu. Lisogeze mbali na ukuta kama sentimita 10 na usilivalishe kitambaa mpaka chini. Shida ingekuwa kuta za baridi na maziwa yanayochacha.

Swichi ya kuzungusha nayo inawachanganya wengi: namba 7 si joto zaidi, ni baridi zaidi. Anayeirudisha kwenye 1 kwa sababu friji halipoozi amelinyima baridi kwa mkono wake mwenyewe.

Kuna na wanaorudisha kilinda friji, kile kifaa kinachokaa kati ya soketi na friji, dukani kwa kuwa umeme umerudi na taa ya njano inawaka tu. Kinasubiri makusudi, kwa kawaida dakika 3 au zaidi. Umeme ukikatika, gesi ndani ya mabomba inabaki upande mmoja ikiwa na mgandamizo mkubwa. Kompresa ikilazimishwa kuanza papo hapo inakwama, inapata moto, na kinga yake inakata kwa mlio wa "tik". Baada ya dakika chache mgandamizo unalingana, na inaanza kwa urahisi.

"Mashine ya kufulia inatembea chumba kizima."

Geuza mgongo wake. Mashine za mlango wa mbele husafirishwa zikiwa na bolti 3 au 4 ndefu zinazolibana pipa lisigonge njiani. Zisipofunguliwa kwa spana kabla ya kuwashwa, mtikiso wote wa kukamua unaishia kwenye boksi badala ya kumezwa na springi. Zifungue, ziba matundu kwa vifuniko vya plastiki vilivyokuja nayo, na uzitunze kwa siku ya kuhama.

"Haiingizi maji" ni kesi nyingine. Mita 10 za kimo cha maji ni baa 1, yaani kipimo cha mgandamizo, na mashine nyingi zinataka angalau baa 0.3 hadi 0.5. Simtanki lililo kwenye kistendi cha mita 2, wakati valvu ya mashine iko karibu mita 1 kutoka sakafuni, mara nyingi halifikishi hapo. Dawa ni pampu ndogo ya kuongeza nguvu, au ununue ya mapipa mawili unayoijaza kwa ndoo. Kabla ya hayo, safisha kile kichujio kidogo pale mpira unapoingilia. Mchanga hupenda kulala hapo.

Jiko la induksheni "linalia tu, haliwaki." Sufuria zetu nyingi ni za alumini. Jiko hili linataka chuma kinachonaswa na sumaku. Bandika sumaku kwenye tako la sufuria: ikishika, itapika. Feni ikiendelea kuzunguka baada ya kuzima, iache imalize.

Birika "halijizimi." Funga kifuniko. Mvuke ndio unaoshuka kwenye kijia kilicho upande wa mpini na kukunja bati la swichi. Ukitokea juu, swichi haina habari. Na lile la wati 2,200 halili umeme zaidi kuliko la 1,500. Lita moja inahitaji kama yuniti 0.1 kwa yote mawili, la kwanza linawahi tu.

Sifa nazo zina mitego. "Friji zuri, linanguruma usiku kucha bila kupumzika," nyota tano. Kama kompresa si ya inveta, ile inayopunguza kasi badala ya kuzima, isiyokata kabisa inaomba msaada. Fungia noti kwenye mlango halafu ivute: ikitoka bila ubishi, mpira umelegea na baridi inapitia hapo. Rudia pembe zote nne. Noti ikigoma kila mahali na bado kompresa haikati, hapo sasa mwite fundi wa friji.