Piranha hawamalizi mtu kwa dakika, jamani
Juzi mwaloni Ggaba kijana mmoja alikuwa anaparua sangara akaniambia piranha wakikupata majini unabaki mifupa, na wengi tunaamini hivyo tangu utoto. Hapana ndugu zangu. Kwanza sio samaki wa kwetu, kwao ni mito ya Amerika Kusini kama Amazon. Stori zilivuma sana 1914, Theodore Roosevelt aliyekuwa rais wa Marekani alivyorudi kutoka Brazil akaandika kwamba ndio samaki wakali kuliko wote duniani, watu wakameza hivyo hivyo.

Yule piranha mwenye tumbo jekundu anakula samaki wadogo, wadudu, mizoga, hata mimea, na wanatembea kundi kwa sababu wenyewe wanaogopa kuliwa, kuna pomboo wa mtoni, kuna ndege, kuna jamaa za mamba. Meno ni makali kweli, pembetatu zimepangana kama msumeno, ya juu na ya chini yanakutana kama mkasi. Lakini mtu akiumwa mara nyingi ni kidole au kisigino, pigo moja samaki kaondoka, hasa akiwa analinda mayai au kiangazi maji yakipungua. Watu wa kule wanaogelea humo humo, na wanamvua wanamla.