Korosho kwa mtoto mdogo: yanayosemwa mtaani na ukweli wenyewe

Msimu wa korosho ukiingia huku kwetu kusini mwa Tanzania, kuanzia mwezi wa kumi hivi mpaka mwaka mpya, ukipita Newala, Tandahimba, Masasi, Ruangwa au Nachingwea kila baraza lina gunia na mama zetu wanabangua, na watoto wadogo wamejaa palepale pembeni. Na maneno yanaanzia hapo. Huyu anasema mtoto asionje korosho kabisa mpaka afike miaka mitatu, yule kamkamatisha mwanae wa mwaka mmoja korosho nzima mkononi anatafuna. Wote wanampenda mtoto, ila wote wamekosea, mmoja anamnyima chakula kizuri kilichopo uani kwake na mwingine anamuweka kwenye hatari ya kufa. Nimeona niandike kwa kirefu kidogo maana utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na sisi huku tunapeleka korosho AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, gunia kwa gunia halafu mtoto nyumbani anakunywa uji mtupu wenye sukari. Hilo linaniuma kwa kweli.

"Korosho mpaka afike miaka mitatu"

Sio kweli. Akitimiza miezi 6 na ameanza kula, korosho iliyosagwa ikalainika kabisa anaruhusiwa. Kabla ya miezi 6 ni ziwa la mama tu, hapo hakuna mjadala.

Hii habari ya miaka mitatu ina asili yake lakini. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilishauri watoto wenye hatari ya aleji wacheleweshewe karanga na njugu za mitini kama korosho mpaka miaka mitatu, ushauri ukasambaa dunia nzima ukafika na kwetu, halafu 2008 wenyewe wakaachana nao kwa sababu ushahidi haukuwepo. Mwaka 2015 watafiti wa London wakatoa majibu ya utafiti wa watoto 640 waliokuwa na hatari kubwa ya aleji, nusu walianzishiwa karanga wakiwa hawajafika mwaka na nusu wakanyimwa mpaka miaka mitano. Walionyimwa, 17 kati ya 100 wakapata aleji ya karanga. Waliokula ni 3 tu. Utafiti ule ulikuwa wa karanga sio korosho, ila kwa korosho nayo hakuna faida iliyoonekana ya kumchelewesha mtoto, na madaktari wengi sasa hivi wanashauri aanze mapema katika hali ya kusagwa. Kwa hiyo bibi akisema "enzi zetu kliniki walitukataza" hadanganyi, ushauri ndo uliobadilika.

"Meno yameshaota, mpe atafune"

Hapa nakaa kidogo maana hapa ndo watoto wanapofia.

Meno ya mbele kazi yake ni kukata. Yanayosaga ni magego, na gego la kwanza linaota mwaka mmoja na kitu, magego ya nyuma yanaweza kusubiri mpaka karibu miaka miwili na nusu au zaidi. Na hata yakiota mtoto bado hajajua kutafuna akatulia, anakula huku anakimbia, analia, anacheka, anavuta pumzi kwa nguvu na korosho iko mdomoni. Njia yake ya hewa ni nyembamba, na korosho ni ngumu, inateleza, saizi yake inatosha kabisa kuziba. Ndo maana ushauri ni kwamba korosho nzima, nusu korosho, karanga nzima, zote hizo hapana mpaka atimize miaka 5. Kumvunjia vipande vipande hakusaidii, kipande kidogo kinaweza kupita kikaingia mpaka kwenye pafu.

Na ikiingia pafuni sio lazima afe palepale, jambo hili wengi hatulijui. Anakohoa sana dakika chache, anatulia, mnasema imepita. Baada ya siku kadhaa anaanza kikohozi kisichoisha, kifua kinapiga mluzi, homa inakuja inaondoka, anatibiwa nimonia, anatibiwa pumu, kumbe kipande kimekaa ndani na mafuta yake yanaunguza pafu taratibu. Mbaya zaidi korosho haionekani vizuri kwenye eksrei. Kwahiyo mtoto akiwahi kupaliwa na korosho au karanga halafu kikohozi kikagoma kuisha, mwambie daktari waziwazi siku ile alikuwa anakula nini, hayo maneno yako yanaweza kuwa ndo kipimo chenyewe.

Sehemu ninayoiogopa kuliko zote ni safarini. Basi limesimama stendi au pale njia panda ya Mnazi Mmoja, Lindi, wauzaji wanapitisha vipakti dirishani, mama ananunua, na mtoto wa mapajani anapewa ili anyamaze. Gari linaondoka linarukaruka. Mama mwenzangu, mpe ndizi.

Ikitokea amekabwa: kama anakohoa kwa nguvu na analia muache akohoe, usimpigepige. Kama hatoi sauti, hawezi kukohoa, midomo inabadilika rangi, mtoto wa chini ya mwaka mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini kuliko kifua, mpige mara 5 katikati ya mabega kwa sehemu ya chini ya kiganja, isipotoka mgeuze chali umkandamize katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5, rudia hivohivo. Wa zaidi ya mwaka mmoja unampiga mgongoni mara 5 akiwa ameinama, kisha unasimama nyuma yake unamkandamiza tumbo juu ya kitovu kwa kuvuta ndani na juu mara 5. Usichokonoe koo kwa kidole kama kitu hukioni, unakisukuma ndani zaidi. Na wakati huohuo mwingine atafute usafiri wa hospitali.

"Aleji ni ugonjwa wa wazungu, sisi tumezaliwa kwenye mikorosho"

Kuzaliwa Mtama au Tandahimba hakumkingi mtoto. Aleji ya korosho ipo, na ni katika zile zinazoweza kuwa kali, hata kwa kiasi kidogo sana. Tena kuna wanaosema "mbona karanga anakula vizuri tu", sasa karanga ni jamii ya kunde na mbaazi, korosho ni jamii ya mwembe, hazina undugu, kuvumilia moja hakukupi uhakika wa nyingine. Kila moja mwanzishie peke yake.

Namna ya kumuanzishia ni rahisi. Chagua siku ambayo mtoto mzima, hana homa wala mafua, iwe asubuhi na wewe unashinda nyumbani, sio usiku mkilala. Siku hiyo usimpe kitu kingine kipya. Mpe ncha ya kijiko ya uji uliochanganywa na korosho iliyosagwa, subiri dakika 10 hivi, akiwa sawa ongeza kidogo, halafu muangalie kwa masaa mawili. Siku zinazofuata unapandisha taratibu, na akishazoea endelea kumpa kila wiki usimuache miezi halafu urudi. Kama mtoto ana ukurutu mkali wa ngozi au tayari ana aleji ya mayai au ya kitu kingine, ongea na daktari kwanza kabla hujaanza.

Dalili za kukushtua ni vipele vyekundu vinavyowasha, midomo au macho kuvimba, kutapika mfululizo. Akikohoa, akipumua kwa shida, sauti ikikwama au akilegea, hiyo ni mbio hospitali, Ligula ya Mtwara, Sokoine ya Lindi, kituo chochote kilicho karibu, anahitaji sindano ya adrenalini. Kuna mazoea ya kumnywesha maziwa kwanza "yakate sumu". Maziwa hayatibu aleji, yanakula muda tu, na mtoto anayehangaika kupumua ukimnywesha unaweza kumpalia.

Kumpaka korosho kwenye ngozi au mdomoni kwa nje eti ni kipimo, acheni. Inaweza kuwasha tu ngozi ikakupa jibu la uongo.

"Mbichi ina nguvu zaidi"

Korosho ghafi, ile yenye ganda, sio chakula cha mtu yeyote. Yale mafuta meusi ya kwenye ganda yanababua ngozi, wabanguaji wote wanajua vidole vyao vinavyokuwa, na moshi wake wakati wa kuchoma unawasha macho na kifua. Mtoto akae mbali na jiko la korosho na mbali na rundo la maganda, na wewe nawa na jivu au mafuta ya kula kisha sabuni kabla ya kumshika au kumnyonyesha. Korosho ya kumpa ni iliyobanguliwa vizuri, imemenywa ngozi ya ndani, imekaangwa kidogo bila chumvi. Zile za vipakti zenye chumvi ni za wakubwa.

"Mafuta mengi, zitamletea kikohozi na degedege"

Mtoto wa umri huu anahitaji mafuta, tumbo lake dogo na anakua kwa kasi. Kijiko kimoja cha chakula cha korosho iliyosagwa, kama gramu 15, kinampa kalori 80 na kitu na karibu gramu 3 za protini, na huo uji wa muhogo au mahindi peke yake protini yake ni kidogo mno. Degedege inaletwa zaidi na homa, malaria ikiwemo, ukimuona nayo kapime usiilaumu korosho. Akiharisha siku ya kwanza ya kuonja, mara nyingi umempa nyingi kwa mpigo au chombo hakikuwa safi.

"Maziwa ya korosho yanatosha, hata ziwa akiachishwa"

Hapana, hapana kabisa. Maziwa ya korosho ni maji mengi na korosho kidogo, kalsiamu yake ndogo sana, gramu 100 nzima za korosho zenyewe zina kama miligramu 37 tu za kalsiamu. Mtoto wa chini ya mwaka akilishwa hayo badala ya ziwa la mama anadhoofika huku mnamuona ananywa. Nyonyesha mpaka miaka miwili na zaidi, korosho iwe ndani ya chakula.

"Uji wa lishe ni kuchanganya kila kitu"

Mahindi, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, korosho, ufuta, mbegu za maboga, vyote mashineni mara moja, unga wa miezi mitatu. Nawaelewa wanaofanya hivi, wanataka mtoto apate vyote. Lakini mtoto akivimba midomo utajuaje ni kipi? Halafu nafaka na mbegu za mafuta hazitunziki sawa, unga wenye korosho na karanga ndani unachacha haraka, na kwa joto na unyevu wa pwani yetu ukungu unaingia bila kuuona. Ukungu huo unatoa sumukuvu inayoharibu ini, mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na kukaanga au kuchemsha hakuimalizi. Karanga au korosho zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, chungu, zenye harufu, tupa. Usimwambie mtu "nikizikaanga zinafaa".

Njia nzuri ni unga wa nafaka moja peke yake, korosho pembeni. Chambua, kaanga kidogo, twanga kwenye kinu kisafi mpaka itoe mafuta na kuwa laini, pitisha kwenye chekeche kuondoa chembe. Uji ukiiva, mzito wa kutomwagika kijikoni, ndo unakorogea kijiko cha chai kwa anayeanza na kijiko cha chakula kwa mkubwa zaidi. Usimlambishe rojo zito la korosho lenyewe, linaganda kwenye koo, lilegeze kwanza na maji ya moto au maziwa yako. Sukari na chumvi havihitajiki, na asali kabla ya mwaka mmoja marufuku kwa sababu ya vijidudu vinavyolemaza misuli.

Akifika mwaka mchanganyie kwenye mboga ile mnayokula wote, kisamvu, mchicha, boga, au mpakie kidogo kwenye chapati au kiazi kitamu, safu nyembamba. Mchuzi wa nazi wa korosho nzima, hata kama zimechemka zikalainika, za kwake ziponde.

"Ina madini yote, samaki wa nini tena"

Korosho ina madini ya chuma kweli, kama miligramu 6 na kitu kwa gramu 100, ila chuma cha mimea mwili unakichukua kidogo. Mpe na embe au papai au chungwa mlo huohuo, vitamini C inasaidia kukifyonza, na maembe yanaiva msimu mmoja na korosho. Dagaa, samaki, yai viendelee kama kawaida. Na ile chai ya rangi anayopewa mtoto na andazi asubuhi, hiyo inazuia chuma kuingia, toeni.

Anayesema korosho ni ghali, anafikiria zile nzima nyeupe za kuuzwa. Muulize mbanguaji akuuzie vipande na zilizovunjika, bei yake ni ya chini na kwa kutwanga ni zilezile. Twanga za siku tatu nne tu, weka kwenye chupa kavu yenye mfuniko, na kijiko cha kuchotea kisiwe kile kilichotoka mdomoni kwa mtoto.