Ukinyimwa mkopo, usiondoke na jibu nusu

Mama mmoja anayeuza viatu vya mitumba soko la Kongowea, Mombasa, alinijia na bahasha ya makaratasi. Benki ilikuwa imemkatalia mkopo wa shilingi 150,000. Nikamuuliza walimpa sababu gani.

"Wameniambia mfumo umekataa, mwanangu."

Nilikuwa afisa wa mikopo kwa miaka kumi na mmoja kabla ya kuanza kazi hii ya kuwashauri wafanyabiashara wadogo, na jibu hilo huniuma kila ninapolisikia. Mfumo umewekewa vigezo na watu, na kigezo kilichokukwamisha kina jina lake. Basi kabla ya kuomba kwingine, rudi ukaulize: ni rekodi yangu CRB (kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo ya watu), ni kipato, ni dhamana, au ni karatasi iliyokosekana? Kama sababu ni rekodi ya CRB, mkopeshaji anapaswa kukujulisha, na taarifa hiyo inakupa haki ya kupata ripoti yako bila malipo. Hata usiponyimwa popote, ripoti moja kwa mwaka ni bure.

Na usiku wa siku uliyokataliwa, tafadhali usifungue programu tano za mikopo ya simu kujaribu bahati. Kila mkopeshaji anayeitazama rekodi yako huacha alama, na maombi mengi ndani ya wiki moja humwonyesha anayefuata mtu aliyebanwa.

Ripoti yenyewe huipata kwa kampuni za CRB: TransUnion, Metropol au Creditinfo. Ukiweza, chukua zote, maana huenda zisifanane. Kwa Metropol unaweza kuanzia kwenye simu kwa *433#. Alama wanazompa mkopaji kwa jinsi anavyolipa huanzia 200 hadi 900, na aliye chini ya 400 huhesabiwa kuwa ameshindwa kulipa. Lakini usikwame kwenye alama. Soma mstari kwa mstari: nani anakudai, kiasi gani, tangu lini.

Ya yule mama ilikuwa na mistari miwili mibaya. Wa kwanza ulikuwa shilingi 3,400 za mkopo wa simu, zilizokopwa kwa laini aliyokuwa amempa mwanawe alipokwenda chuoni. Laini ina jina na kitambulisho cha mama, kwa hiyo deni ni la mama. Mkopo usiolipwa kwa siku 90 huhesabiwa mbovu, na tangu mwaka 2020 ni madeni yasiyofika shilingi 1,000 tu yasiyoorodheshwa. Hapo hapakuwa na la kubishana. Alilipa, akadai barua ya kuthibitisha hadaiwi, na ujumbe wa malipo hakuufuta.

Mstari wa pili ulikuwa mkopo aliokwisha kuumaliza, ila bado ulisomeka kwamba haujalipwa. Makosa ya namna hii ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Unapeleka malalamiko kwa CRB yenyewe, kwa maandishi, ukiambatanisha ushahidi wa malipo. Nao hulazimika kumuuliza mkopeshaji na kurekebisha pale ulipodhulumiwa. Peleka nakala kwa mkopeshaji pia. Angalia vilevile kama ulipewa notisi: sheria inamtaka mkopeshaji akuarifu siku 30 kabla ya kupeleka jina lako.

Nisikudanganye hapa. Kulipa hakufuti historia. Mstari hubadilika kutoka "hajalipa" kuwa "amelipa", na kumbukumbu ya kuchelewa hubaki hadi miaka mitano. Ndiyo maana nakuomba usimpe senti yeyote anayebandika matangazo kwenye nguzo za stima kwamba "atakutoa CRB" kwa siku moja. Hana mlango wa kuingilia humo. Benki Kuu nayo imeshasema kwamba rekodi mbaya peke yake isiwe sababu ya kumnyima mtu mkopo, na maneno hayo unaweza kuyataja mbele ya afisa bila woga.

Wenye mshahara husumbuka na jambo jingine kabisa, na wengi huenda kutafuta kosa CRB wakati liko kwenye payslipu. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yapite theluthi mbili ya mshahara. Sasa tazama yaliyoongezeka: ushuru wa nyumba asilimia 1.5, SHIF (bima ya afya) asilimia 2.75 tangu Oktoba 2024, na NSSF (akiba ya uzeeni) iliyopanda. Kwa mshahara wa 60,000, ushuru wa nyumba na SHIF peke yake ni shilingi 2,550 kila mwezi. Mtu aliyekubaliwa mwaka 2022 anaweza kukataliwa leo kwa mshahara uleule bila kukosa popote. Dawa yake ni kumaliza mkopo mdogo mmoja unaokatwa kwenye payslipu kabla ya kuomba, au kuomba kidogo kwa muda mrefu zaidi, ukijua kwamba riba ya jumla itakuwa kubwa.

Kwa mfanyabiashara, tatizo huwa ni kutoonekana. Mama yangu wa viatu aliuza vizuri, lakini pesa ziliingia kwenye laini yake ya kawaida zikachanganyika na karo na michango ya harusi. Afisa anayesoma taarifa ya M-Pesa ya miezi sita hawezi kujua lipi ni mauzo. Tulimfungulia till, yaani namba ya M-Pesa ya kupokelea malipo ya biashara, mauzo yote yakapita hapo.

Benki hakurudi. Aliingia Sacco, chama cha akiba na mikopo, akaweka akiba hadi ikafika 30,000, akaomba mara tatu yake: 90,000. Hesabu yetu ilionyesha kuwa marobota aliyohitaji kwa msimu wa kufungua shule yalitoshea humo. Wadhamini walikuwa wawili, jirani zake pale sokoni.

Kabla ya siku ya kutia sahihi aliniuliza: mmoja wao akitaka kukopa kabla sijamaliza, itakuwaje? Nikamweleza kwamba akiba ya mdhamini hufungwa kwa kiasi alichodhamini mpaka deni lishuke, na mkopaji akishindwa kulipa, wadhamini ndio watakaodaiwa. Akaenda kuwaeleza hayo wote wawili, kila mmoja kwenye meza yake, kisha ndipo wakaandamana kwenda Sacco.