Aïcha sio wimbo wa Kiarabu, na aliyeutunga anaitwa Goldman

Jumamosi tena. Tuko ukumbini, bibi harusi anaingia, MC kashika maiki anatangaza "sasa bendi itatupigia ule wimbo wa Kiarabu wa Khaled" na mimi niko nyuma ya kinanda nimeuma meno. Miaka yote hii napiga kopi mahotelini na kwenye maharusi, na maneno ni yale yale. Wimbo wa Kiarabu. Wimbo wa Khaled. Nimechoka kuelezea mmoja mmoja wakati wa mapumziko, leo naandika.

Aïcha ya mwaka 1996 ni wimbo wa Kifaransa. Khaled wa Oran, Algeria, ndiye aliyeuimba, na Kiarabu kimo, ila ni kipande kinachokuja mwishoni. Wimbo wenyewe kautunga Jean-Jacques Goldman, mzaliwa wa Paris, 1951, baba Myahudi kutoka Poland na mama Myahudi kutoka Ujerumani. Na vijana wanaoniambia ni wa Outlandish, hapana, wale ni kundi la Denmark, waliurudia kwa Kiingereza mwaka 2003, wakati huo wimbo ulishazunguka dunia nzima.

Goldman sio mtunzi wa kujificha nyuma ya pazia tu, na hapo ndipo watu wanaponishangaa. Ni staa mwenyewe. Miaka ya 70 alikuwa kwenye bendi ya Tai Phong wakiimba roki kwa Kiingereza, huku anasaidia kwenye duka la wazazi wake la vifaa vya michezo. Albamu yake ya kwanza peke yake ni ya 1981, yeye alitaka aiite Démodé, yani iliyopitwa na wakati, kampuni ikakataa, ikatoka haina jina. Mwaka uliofuata Ufaransa nzima inamwimba. Wakosoaji walimponda vibaya sana, na 1985 alilipia nafasi kwenye magazeti akachapisha yale maneno yao mabaya, halafu chini akawashukuru mashabiki kwa kuamua wenyewe. Mwaka huohuo ndio mchekeshaji Coluche alimuomba atunge wimbo wa Restos du Cœur, wale wanaogawa chakula kwa wasio nacho, na ukapatikana. Miaka ya 90 akaimba na waimbaji wenzake Carole Fredericks na Michael Jones, 2001 katoa albamu yake ya mwisho, 2002 kafanya ziara, baada ya hapo hajafanya tena ziara yake mwenyewe, na bado kura za watu wanaopendwa Ufaransa zimemweka namba moja mara kibao.

Na wewe unayelia na Celine Dion usiku, ile albamu ya D'eux ya 1995 ni kazi yake pia, yeye ndiye aliyemwambia Celine apunguze ile sauti ya kupasua vioo aimbe kama anaongea na mtu. Mwimbaji Patricia Kaas naye Goldman alimtungia 1993, kwa jina la bandia, Sam Brewski. Kwahiyo kutomjua sio kosa lako sana, mwenyewe hakuhangaika kujulikana.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi hasa, maana majina ni kitu kidogo. Kwa sababu watu wanadhani ni Kiarabu, hawasikilizi maneno, na kwa sababu hawasikilizi maneno wanaugeuza kuwa wimbo wa kumpamba bibi harusi kwa dhahabu. Hebu sikiliza. Mwanaume anaanza, yule binti kapita pembeni yake kama hamuoni, anamwita malkia wa Sheba, anamwambia chukua vyote, lulu hizi, vito hivi, dhahabu ya shingoni, matunda yaliyoiva. Halafu kiitikio, Aïcha Aïcha, nisikilize, usiende, nitazame, nijibu. Ukumbi mzima unaimba hapo, mikono juu. Na hapohapo MC anazungusha kidole, malizeni, keki inasubiri!

Lakini jamani kasema NIJIBU. Na binti anajibu. Mbele huko anamwambia hazina zako kaa nazo, mimi thamani yangu imezidi hivyo vyote, nondo za dirisha hata ukizitengeneza kwa dhahabu bado ni nondo, mimi nataka haki sawa na zako, heshima ya kila siku, na mapenzi basi. Wimbo wote umejengwa kwa ajili ya mistari hiyo. Ukikata kabla ya hapo umepiga wimbo wa mwanaume anayejinadi, na Goldman hajatunga huo.

Ndio ufundi wake siku zote, kukuficha jambo mpaka ushaingia. Kwenye Comme toi ya 1982 anasimulia habari za kitoto cha kike, Sarah, hajafika hata miaka minane, anapenda muziki, ana marafiki zake, anakiambia kitoto kingine kilicholala, alikuwa kama wewe. Taratibu unaelewa tuko Poland ya Wayahudi waliouawa na Wanazi, na tofauti ni kuzaliwa mahali pengine na wakati mwingine tu. Hakuna mstari unaopiga kelele.

Mara moja tu nimeona watu wakiupokea Aïcha kama unavyotakiwa. Harusi ya familia ya Bukavu, Kongo, Kifaransa wanakijua toka shule, tulipofika kwenye jibu la binti mama mmoja wa makamo akasimama na kitenge chake, akaweka glasi mezani, akaimba mistari yote peke yake anamnyooshea kidole mumewe, na mume anaitikia kwa kichwa. Nilipunguza kinanda mpaka kikawa kinasikika kwa mbali ili asikike yeye.

Wapo wanaogeuka upande wa pili, wakishajua wanasema kumbe Khaled hana lake. Hapana jamani. Sisi wa pwani tumelelewa na taarab, tunajua mshairi anaandika, mwimbaji anaimba, na pesa za kutunza anapelekewa mwimbaji pale mbele, na hakuna anayesema mmoja kamuibia mwenzie. Ile sauti ya Khaled, anavyoivuta "Aïcha" mpaka inakaribia kukatika, Goldman na sauti yake ya juu nyembamba nadhani asingeifikisha pale.

Kinachonisumbua mimi ni hicho kipande cha Kiarabu. Binti kashasema haki sawa, halafu mwanaume anarudi kwa Kiarabu kumwambia nakutaka, nakufia, wewe ndio maisha yangu. Neno la mwisho linarudi kwake. Kuna siku naona kamsikia, kavua dhahabu zote kabaki na moyo wake. Siku nyingine naona hajajibu alichoulizwa. Nimeupiga mara mamia na bado sijaamua, na hata hilo jibu la binti lenyewe limeandikwa na mwanaume.

Jumamosi hii tuna harusi nyingine. Nimeshaongea na mpiga besi na mpiga drams, tukianza Aïcha hakuna kutazama mkono wa MC mpaka binti amalize kujibu, keki itasubiri.