Si kila picha iliyopigwa kwa joto ni sablimesheni

Hivi majuzi, katika duka moja la kuchapa nguo hapa Kisumu, nilimsikia mama mmoja akihakikishiwa kwamba fulana 40 za pamba alizoagiza kwa maziko, zenye picha ya marehemu kifuani, zingefanyiwa sablimesheni. Neno hilo sasa hutajwa kwa kila picha inayotoka kwenye mashine ya joto, na kosa hilo huwagharimu watu.

Sablimesheni ni njia ya kutia picha kwenye kitambaa kwa rangi inayochapwa kwanza kwenye karatasi, kisha ikageuzwa mvuke kwa joto la nyuzijoto 200 hivi za Selsiasi.

Asili ya neno ni Kilatini, sublimare, yaani kuinua juu. Wanaalkemia, watu wa kale waliojaribu kugeuza metali kuwa dhahabu, walilitumia walipopasha kitu kigumu joto hadi mvuke wake ukapanda na kuganda tena upande wa juu wa chombo. Kemia ya leo inalitumia kwa kitu kigumu kinachogeuka mvuke bila kuyeyuka kwanza. Aliyesoma kemia sekondari atakumbuka iodini ikitoa mvuke wa zambarau, na hata vidonge vya nafthalini tunavyoweka kabatini kufukuza nondo hupungua hadi vikaisha bila kulowesha nguo hata moja. Mvuke ndio kiini cha neno lenyewe. Pasipo mvuke hakuna sablimesheni, hata mashine iwe na moto kiasi gani.

Mvuke huo nao huchagua pa kukaa. Nyuzi za poliesta zinapopata joto hulegea na kuipokea rangi, na zikipoa huifungia ndani, ndiyo maana picha kwenye jezi ya mpira haibanduki wala haisikiki kidoleni. Pamba haina tabia hiyo, kwa hiyo rangi hukaa juujuu na kufifia katika kufuliwa. Tena wino huu hauna rangi nyeupe na huonyesha kilicho chini yake, hivyo kwenye kitambaa cheusi hauonekani kabisa. (Vikombe vya picha huikubali kwa sababu vimepakwa tabaka la plastiki.)

Kinachobandikwa kwenye fulana ya pamba kwa joto ni kitu kingine: picha huchapwa kwenye filamu, ikanyunyiziwa unga wa gundi, gundi ikayeyuka na kushika kitambaa. Ukiipapasa utausikia utando wake. Ni njia nzuri kwa picha ya sura yenye rangi nyingi, ilhali maandishi ya rangi moja au mbili kwenye fulana nyingi huwa nafuu zaidi kwa skrini, yaani wino kusukumwa kwenye kitambaa kupitia wavu uliowambwa kwenye fremu, na kila rangi huhitaji fremu yake.

Mama yule, basi, alihitaji picha ya filamu, na ningependa fundi angemuuliza kwanza kitambaa chake ni cha nini, kisha akaitaja njia hiyo kwa jina lake.