Baridi ya Kibo mwezi wa saba

Mwezi wa saba Marangu, chini ya Mlima Kilimanjaro, jua huonekana kwa bahati. Ukungu hushuka hadi kwenye migomba, manyunyu hukatika na kurudi, na wazee hawatoki jikoni. Anayefika kutoka Dar hudhani kwamba kama chini hali ni hii, juu ni mvua tupu. Sivyo. Wingu linaloletwa na kusi hukwama ubavuni mwa mlima, na ukishalipita unatokea kwenye anga safi kabisa. Usafi huohuo ndio unaoleta baridi kali: usiku hakuna wingu la kuufunika mlima, na joto lote la mchana hupaa.

Nimeongoza watu Kilimanjaro miaka 17. Julai iliyopita niliwapandisha rafiki zangu wanne niliosoma nao sekondari. Nilikuwa na hofu kuliko siku zote, maana mgeni hunitii kwa sababu amenilipa, lakini rafiki hubishana.

Jioni kabla ya kuondoka niliwapigia hesabu sebuleni kwa mama. Joto hupungua kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Moshi mjini iko mita 900 hivi. Tuseme alfajiri kuna nyuzi 16. Uhuru, kilele chenyewe, ni mita 5,895, yaani juu zaidi kwa takriban mita 5,000. Toa nyuzi 32. Unabaki na 16 chini ya sifuri, na upepo bado hujauhesabu.

Kisha nikamwaga mabegi yao sakafuni. Fulana za pamba, suruali za jinzi, soksi za shule! Pamba hunywa jasho na kulishikilia. Usiku ule wa kilele inageuka kitambaa cha maji baridi juu ya ngozi. Asubuhi tulipitia soko la Memorial, Moshi, tukachambua mitumba: fulana za ndani za kubana zisizo na pamba, sweta za flisi, makoti mazito. Hakuna aliyehitaji duka la bei ya juu. Mmoja alitaka kuvaa jozi mbili za soksi nene ndani ya buti. Nilimkatalia. Buti likibana, damu haifiki vidoleni, na kidole kisicho na damu hakipati joto hata ukikivika blanketi.

Siku za mwanzo hazina mengi: kambi ya vibanda ya Mandara mita 2,720, halafu ya Horombo mita 3,720, ambako tulilala usiku wa ziada. Siku hiyo tulipanda hadi miamba ya Zebra Rocks, tukakaa, tukarudi chini kulala. Panda juu, ulale chini. Mwili hupata nafasi ya kuzoea hewa nyembamba. Mwendo wangu ni ule ambao mtu anaweza kusimulia kisa bila kuhema. Ukisikia stori zimekatika nyuma yako, punguza.

Kibo Hut, kambi ya mwisho kabla ya kilele, mita 4,720, tulifika mchana. Hapo ndipo watu wengi hushindwa bila kujua, saa nyingi kabla ya kuanza kupanda. Wamechoka, wanajitupa kitandani na soksi zilezile za njiani, zenye unyevu. Niliwavua kila mmoja soksi kama watoto. Betri za taa na simu zikaingia nao kwenye mifuko ya kulalia, kwa sababu baridi huiua betri haraka. Chupa za maji nikaziagiza zikae kichwa chini begini: maji huanza kuganda juu, kwa hiyo barafu hujijenga upande wa kitako na mdomo wa chupa unabaki wazi.

Tulitoka saa sita usiku. Rafiki yangu wa benki alikuwa amevaa kila kitu alichokuwa nacho. Nikamwambia avue koti moja, kwamba kuanza safari ukisikia kibaridi ni sawa. Akanijibu nimwache. Tulipofika pango la Hans Meyer, kwenye mita 5,150 hivi, tukasimama kunywa chai, akaanza kutetemeka. Nilipitisha mkono mgongoni mwake: fulana imelowa chepechepe. Pale hewa ni kavu na nyembamba, jasho linaondoka haraka na kila linapoondoka linabeba joto. Mwili nao unahitaji oksijeni ili utengeneze joto jingine, na oksijeni ndiyo hiyo imepungua. Tulimzunguka kumkinga na upepo, tukamvua, tukamkausha kwa taulo langu, tukamvisha fulana kavu niliyokuwa nimeilaza kifuani mwangu. Chai yenye sukari nyingi, biskuti, kisha tukaondoka. Baada ya robo saa meno yalinyamaza.

Aliyenipa wasiwasi zaidi ni mwingine, mchezaji wa mpira, mwenye pumzi kuliko sisi sote. Watu wenye mazoezi ndio ninaowachunga kwa karibu, kwa sababu huona aibu kusema kichwa kinauma. Saa tisa usiku, chini ya Gilman's Point, pale njia inapofika ukingo wa kreta, niliona fimbo yake inakosa mahali ilipolengwa. Nikamwomba atembee mstari mnyoofu, kisigino mbele ya vidole. Hatua ya tatu akayumba kushoto. Mtu aliyechoka tu huweza kupita mstari huo. Anayeyumba, ubongo wake huenda umeanza kuvimba, na dawa ya kwanza ni kushuka saa hiyohiyo.

“Kaka, leo unaishia hapa.”

“Mbona nguvu ninazo?”

“Nguvu unazo. Shuka.”

Alilia. Msaidizi wangu alimshika mkono wakageuza, na taa zao mbili nikazitazama zikipungua kwenye changarawe hadi giza likazimeza.

Sisi tulifika ukingoni kabla jua halijachomoza, na Uhuru saa moja na nusu asubuhi. Niliwaonyesha barafu iliyobaki. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, wa kwanza kujulikana kufika kilele hiki, walipofika juu tarehe 6 Oktoba 1889, walipita wakikata ngazi kwenye barafu kwa shoka. Sisi tulikuwa tumekanyaga mawe makavu kutoka chini hadi juu, na hilo linaniumiza kila ninapolitamka. Tulikaa dakika 15, sikuruhusu zaidi.

Horombo tuliingia saa nane mchana. Mpishi alikuwa amepika mtori, na mvuke wake tuliunusa kabla ya kuviona vibanda. Mchezaji wetu alikuwa kwenye ngazi na bakuli mkononi. Aliposimama kuja kutupokea, kabla sijaitikia salamu yake niliiangalia miguu yake. Alikuja moja kwa moja, bila kuyumba, mtori haukumwagika.