Afrika Kusini: msamaha haukununuliwa kwa machozi

Mpaka leo utasikia kwamba Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini, iliyochunguza maovu ya enzi za ubaguzi wa rangi (apartheid), ilisamehe kila muuaji, mradi alie na kuomba radhi. Sivyo. Sheria ya 1995 iliyoiunda haikudai hata neno "samahani". Ilitaka kosa liwe la kisiasa na mhusika aseme yote. Waombaji walizidi 7,000, na wengi wao walikataliwa, wakiwemo, mwaka 1999, polisi waliohusika na kifo cha Steve Biko, mwanaharakati aliyepinga ubaguzi huo.

Kinachosahaulika ni kwamba sheria hiyohiyo iliiagiza tume irudishe utu wa waathirika, kwa kuwaacha wasimulie wenyewe. Kuanzia Aprili 1996, katika mji wa East London, Afrika Kusini, wajane waliketi mbele ya mwenyekiti wa tume, Askofu Mkuu Desmond Tutu, wakazungumza Kixhosa chao, wakalimani wakitafsiri, na pembeni ameketi mtu wa kuwafariji. Wengine walikuwa hawajawahi kusikilizwa na ofisi yoyote ya serikali, sembuse kusubiriwa wamalize kulia.

Fidia ndiyo iliyosuasua: randi 30,000 kwa mtu, tena mwaka 2003. Hapo, kwa maoni yangu, serikali ilipunguza heshima ambayo tume ilikuwa imeirudisha.